Mashine Nne Nilizozificha

Niliacha shule darasa la sita. Kilichonilisha tangu siku hiyo ni mdomo. Baba yangu alikuwa Mwislamu mfanyabiashara wa Busia mjini, mama yangu Mteso wa Buteba, majirani zetu Wasamia, kwa hiyo nilipofika miaka kumi nilikuwa tayari naweza kutukana kwa lugha nne. Kiingereza nilikichukua mpakani, kwenye makaratasi ya forodha. Dereva wa lori anafika na mzigo, haelewi fomu inataka nini, mimi namsomea, namjazia, anaendelea na safari. Jina langu ni Swabur, lakini pale mpakani wengi wananiita Mkalimani.

Kwa hiyo watu wa utafiti walipotafuta mtu wa kuwatafsiria vijijini, walielekezwa kwangu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa chuo kikuu aitwaye Phiona, mtu wa kuongea polepole, tena kila alichosema alikiwekea mpaka wake. Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa kompyuta mvua ya miaka ishirini na thelathini ijayo. Siku ya kwanza tulikuwa tunakwenda Mukuju, na ndani ya gari akanieleza, maana alitaka nielewe kwanza kabla sijawaelewesha wengine.

"Kuna kompyuta zinazoikata dunia nzima miraba," alisema. "Lakini ni miraba mikubwa mno. Mraba mmoja unaweza kumeza Tororo, Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na kipande cha ziwa, halafu wote wanapewa mvua moja."

"Hiyo si kweli," nikasema. "Busia inanyesha, Mukuju wanakula vumbi."

"Ndiyo maana sisi tunachukua eneo letu peke yake, tunalikata vipande vidogo. Hesabu hizo za kompyuta zinaitwa mifano ya kikanda. Tunaipa miaka iliyopita kwanza, tuone kama inatoa mvua inayofanana na ile iliyonyesha kweli. Halafu tunaiambia iende mbele."

"Iko mingapi?"

"Tunayo kumi na moja."

"Na yote inasema nini?"

Akacheka. "Hapo ndipo kazi yako inapoanza."

Mifano saba ilisema mvua za pili, zile za kuanzia Agosti, zitaongezeka upande wetu. Minne ilisema zitapungua. Na hata ile saba ilisema mvua itakuja kwa vishindo, siku chache za maji mengi na katikati jua kali la wiki kadhaa. Ushauri wake kwa wakulima ulikuwa mmoja: mtu asiweke shamba lote kwenye mmea mmoja. Abaki na muhogo, abaki na wimbi, yaani ulezi, na kama anataka kujaribu kitu kipya, ajaribu kwenye kona.

Nilimwelewa. Nataka hilo lijulikane. Nilimwelewa vizuri kabisa.

Mukuju, ndani ya kanisa, niliyasema yote kama yalivyo, kwa Kiteso safi. Mifano nikaiita mashine, kwa sababu ndivyo watu wangeelewa. Mashine saba zinasema hivi, mashine nne zinasema vile. Fundi mmoja wa baiskeli, Oluka, alisimama kabla sijamaliza.

"Saba ndiyo, nne hapana? Hata kuku wangu anaweza kutabiri hivyo, na kuku hali mafuta ya gari."

Watu wakaanza kucheka. Mama mmoja mbele, Amoit, akadakia: "Mume wangu naye kila akitoka husema labda atarudi, labda hatarudi. Kumbe ni mwanasayansi!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Wengine wakainuka kwenda zao. Mmoja mlangoni akageuka akanipigia kelele, "Mkalimani, rudi mpakani ukasome fomu!"

Phiona aliniuliza wanacheka nini. Nikamwambia wamefurahi.

Kwetu, mtu aliyesimama mbele ya watu akasema labda ni mtu ambaye hajafanya kazi yake. Dereva akiniuliza kama mzigo utavuka leo, sisemi labda. Nasema utavuka, halafu nahangaika uvuke. Ndivyo nilivyopata jina. Sasa Mukuju walinicheka mimi, si Phiona, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Buteba, kwa wajomba zangu. Nilipoingia kanisani niliona sura ninazozijua tangu utotoni, na kwenye benchi la mbele alikaa Odeke, mtoto wa mjomba wangu, rika langu, tuliyechunga naye mbuzi. Alikuwa amevaa shati lake la Krismasi kwa sababu mimi ndiye nitakayesema.

Phiona alisema sentensi tatu ndefu, na kwa kidole akaonyesha ramani yake ya miraba ya rangi. Saba, nne, vishindo, muhogo ubaki. Akanisubiri.

Nikasema hivi: "Kompyuta zimehesabu. Mvua za pili zitaongezeka. Anayetaka kulima vitu vya maji, alime."

Walipiga makofi. Odeke alipiga kuliko wote. Phiona alitabasamu, akaniambia kwamba hapa wamepokea vizuri kuliko Mukuju. Nikamjibu, "Sasa nimeizoea kazi."

Baada ya mkutano Odeke alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Mwana wa shangazi, hayo uliyosema ni yake au ni yako?"

"Ni ya mashine zake."

"Zote zinasema hivyo?"

Hapo nilikuwa nimepewa nafasi. Tulikuwa wawili tu, hakuna wa kunicheka. Ningeweza kumwambia, ngoja, ziko nne zinazokataa.

"Zote," nikasema.

Odeke alikuwa na ekari nne alizoachiwa na baba yake. Muhogo, wimbi, karanga, na kipande cha mtama. Shamba la kawaida, lisilomtajirisha mtu na lisilomlaza na njaa. Aling'oa muhogo wote, hata ule ambao haujakomaa. Aliacha wimbi. Akapanda mpunga wa nchi kavu ekari zote nne, mpaka karibu na ukuta wa jiko la mkewe, Atai. Msimu wa kwanza alivuna vizuri akaniletea gunia mpakani, akalibeba begani mwenyewe kutoka kwenye bodaboda hadi mlangoni kwangu.

"Kula mvua zako," aliniambia.

Nilikula. Mke wangu Zulaika aliukoboa akapika wali wa nazi, ukanukia hadi nje.

Kisha ukaja msimu wa pili. Mvua ilichelewa, halafu ikamwagika siku tatu mfululizo, ikazoa mbegu na udongo wake ikapeleka bondeni. Odeke akapanda tena. Ilipofika wakati wa mpunga kuchanua, jua likawaka siku ishirini na sita. Mpunga ulisimama umekauka, masuke meupe, matupu. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na majirani wakaanza kumwita Baba Mpunga. Atai, mke wa mkulima, binti wa mkulima, akawa anakwenda sokoni kununua unga wa muhogo uliotoka ng'ambo, Kenya, na anapita njia ya nyuma ili wasione alichobeba.

Phiona mwenyewe alikuwa amesema hilo linaweza kutokea. Siku chache za maji mengi, halafu jua. Nililisikia kwa masikio yangu na nikaliacha kwenye Kiingereza.

Atai alinipigia simu siku ya Jumapili.

"Shemeji, ndugu yako anataka kutoa shamba lote likodiwe na mtu wa miwa. Miaka kumi. Trekta lake limeshalima kwa jirani. Nikimkataza anasema, kama hata kompyuta zote zilidanganywa na mvua, yeye ni nani wa kujua cha kupanda? Njoo uongee naye. Wewe anakusikiliza."

Nikamwambia nitakuja. Zulaika alikuwa amekaa pale pale, anachambua maharage. Yeye ndiye mtu pekee niliyekuwa nimemwambia habari za zile mashine nne, siku gunia la mpunga lilipoisha.

"Unakwenda lini?" aliniuliza.

"Nakwenda Jumatano."

"Jumatano ya lini? Mwaka huu ziko Jumatano nyingi."

"Hii."

"Na utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Usiende kula chakula cha watu halafu unarudi na mdomo umefunga," alisema, akaendelea na maharage yake.

Jumatano nilifika Buteba saa nne asubuhi. Njiani kwenye bodaboda nilikuwa nimepanga maneno yote. Ningeanza na Mukuju, jinsi walivyonicheka, ili aone nilikotoka. Halafu ningesema: mashine hazikudanganywa. Nne zilisema mvua itapungua. Mwanamke yule alisema usiache muhogo. Ukirudisha mchanganyiko wako wa zamani utakula. Usitoe shamba.

Odeke alinipokea kwa mikono miwili. Aliagiza kuku achinjwe, na kwa kuwa mimi ni Mwislamu akanipa kisu nichinje mwenyewe, kama anavyofanya siku zote. Atai alisonga ugali wa ule unga wa kununua. Tulikula. Odeke alikuwa amekonda shingo, lakini utani wake ulikuwepo.

"Mpunga umenifundisha dini," alisema. "Nimefunga kuliko wewe na Ramadhani yako."

Nikacheka. Nikaosha mikono. Nikajiambia, sasa. Lakini yeye akatangulia.

"Mwana wa shangazi, najua kwa nini umekuja. Atai amekuita. Tena naona unanitazama kama mtu mwenye deni. Sikia. Mimi sina neno na wewe. Wewe ulikuwa mdomo tu. Waliokosea ni wao na mashine zao. Wewe ulisema ulichoambiwa."

Alikuwa amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, kwa upole kabisa, mbele ya mkewe, na lile nililolifanya likabaki limekaa katikati yetu na sahani za mifupa. Atai alikuwa ananitazama. Alikuwa anangoja.

"Usitie sahihi haraka," nikasema.

"Kwa nini?"

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria misimu miwili, ndugu yangu. Wewe una sababu gani?"

"Sina. Miaka kumi ni mingi tu."

Tukahamia kwenye habari za timu ya mpira, za barabara, za mtoto wa fulani aliyeolewa Malaba. Saa nane nikapanda bodaboda nikarudi. Nilijiambia kwamba mambo ya mikataba huchukua muda, kwamba wiki ijayo nitarudi, tena peke yangu naye shambani, bila Atai kututazama. Zulaika aliponiuliza, nikamwambia nimeanza kumwambia. Aliniangalia, akarudi jikoni.

Jumatatu iliyofuata Phiona alirudi. Mradi wake ulitaka kujua wakulima walifanya nini na yale waliyoambiwa. Kanisa lile lile, mimi nimesimama pale pale. Safari hii watu walikaa wamekunja mikono. Odeke alisimama wa kwanza, naye hakuwa amevaa shati la Krismasi.

"Mwambie huyu mama," alinielekeza kwa Kiteso. "Alisema mvua zitaongezeka. Alisema mashine zote. Muulize, yeye mwenyewe alipanda mpunga?"

Watu wakacheka, cheko la uchungu. Nyuma mmoja akasema, "Muulize pia kama anauza unga wa muhogo."

Phiona alinigeukia. "Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia wanalalamika juu ya bei ya mbegu. Angeandika, angetoa pole, angeondoka, na Odeke angeendelea kuniita ndugu. Nilimtazama Odeke amesimama, nikakumbuka sahani za mifupa. Nikamtafsiria Phiona kila neno, mpaka lile la unga.

Alikunja uso. "Lakini sikusema hivyo." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetafuta alipoweka ufunguo. Akafungua faili lake, akatoa ile ramani ya zamani. "Ilikuwa saba na nne. Nilisema wasiache muhogo. Wakumbushe, tafadhali."

Nikawageukia watu.

"Anasema hakusema hivyo, na ni kweli," nikawaambia. "Mashine zilikuwa kumi na moja. Saba zilisema mvua itaongezeka, nne zilisema itapungua. Na hata zile saba zilisema itakuja kwa fujo, maji halafu jua. Alisema msiache muhogo wala wimbi. Mimi ndiye niliyeziacha zile nne."

"Uliziacha wapi?" akauliza mmoja.

"Mdomoni."

"Kwa nini?"

"Mukuju walinicheka."

Hapo hapakucheka mtu. Niliwaona wanahesabu, kila mtu na shamba lake, waliofuata mpunga wa Odeke baada ya msimu wa kwanza. Kisha zikaja kelele, na sitazirudia zote. Kuna aliyesema nirudishwe mpakani kwa miguu. Kuna aliyemtaja mama yangu, kwamba amshukuru Mungu kwa kufa mapema. Atai aliinuka akatoka nje bila kunitazama.

Odeke hakupiga kelele. Alingoja zishuke.

"Jumatano ulikula kwangu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ulikuja kuniambia hayo."

"Ndiyo."

"Mimi nilitia dole gumba Alhamisi," alisema, akaketi.

Phiona alikuwa ananivuta mkono, anataka kujua. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha fomu, na nilichokuwa nimefanya na nilichokuwa nimeacha kufanya. Aliuliza ni katika vijiji vingapi nilifanya hivyo. Nikasema Buteba peke yake. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwamba na yeye alikosea, kwamba alipoona mimi nimesema maneno machache namna ile na watu wakapiga makofi namna ile, alipaswa kuuliza. Lakini alikuwa amechoka kuchekwa na yeye pia. Kumbe kule Mukuju alielewa kwamba walitucheka.

Akamwomba mwalimu wa shule ya msingi, John Paul, asimame badala yangu. Nilikaa benchi la nyuma. John Paul hana sauti, anakohoa katikati ya maneno, anasimama kutafuta neno la Kiteso mpaka watoto wa shule wanamsaidia. Alisema saba. Alisema nne. Alisema hatujui. Watu walisikiliza mpaka mwisho na waliuliza maswali mengi, ya maana.

Mkutano ulipoisha nilibaki nimekaa, sikutaka kupita katikati yao. Odeke alitoka, nikadhani ameondoka. Kumbe alikwenda nyumbani. Alirudi na bahasha ya nailoni, akampita John Paul mlangoni, akaja kuketi kwenye benchi langu. Aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

"Haya ni makaratasi ya miwa," alisema. "Ni Kiingereza. Aliyenisomea ni mtu wa miwa mwenyewe."

"Mpe John Paul."

"John Paul hajui makaratasi ya mikataba. Wewe unayajua." Akayatoa, akayaweka kwenye ile nafasi. "Soma. Usiongeze, usipunguze. Usipoelewa, sema hujaelewa."

Nikasoma. Zilikuwa kurasa nne. Miaka kumi kuanzia siku ya dole. Mwenye shamba haruhusiwi kupanda chakula katikati ya miwa wala pembeni. Nyumba na jiko vinabaki, na hatua kumi kuzunguka. Kulikuwa na mstari mmoja wa sheria ambao sikuuelewa, nikasema sikuuelewa. Kulikuwa na mwingine uliosema mwenye shamba akitaka kuvunja mkataba, atalipa gharama za trekta, mbegu, mbolea na mavuno yote ambayo mwenye miwa angeyapata mpaka mwisho wa mwaka wa kumi. Huo niliuelewa, nikaurudia mara mbili.

Odeke alikuwa anatazama mikono yangu, si uso.

"Hakuna mahali pa kutokea?"

Nilisikia mdomo wangu unaanza. Ulikuwa umeshapata maneno: tutamwona mwenyekiti, kuna mwanasheria namjua Tororo, vitu kama hivi huwa vinaongeleka. Maneno matamu, yamejipanga yenyewe, kama yalivyojipanga siku ile kanisani humu humu.

"Sijapaona," nikasema.

Nje, upande wa kwake, trekta lilikuwa limeshaanza kulima. Alilisikiliza kidogo.

"Soma tena," akasema.

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza na jina lake.